Shanta Lenye Kamba za Ngozi

Jumanne, 9 Julai 1946
Kaptura mbili za shule, kola moja. Sindano ya cherehani imevunjika tena.

Onyancha amenijia hapa Sironga na shanta mkononi. Kuna askari amerudi Burma, anasema, ndiye aliyelileta. Ni la ndugu yake Ombati, mume wa dada yangu Kemunto. Ombati aliingia jeshi la Keya miaka minne iliyopita, na barua zilikatika zamani. "Kaka amekwisha, shemeji." Nikavua kofia, nikaomba. Sikulifungua. Kwetu mfuko wa marehemu haupekuliwi kabla wazee hawajakaa. Tukapanda kilima cha Manga pamoja mpaka kwa Kemunto, na mimi ndiye niliyemwambia. Jioni wakamnyoa nywele za ujane.

Naandika Kiswahili ili nyumbani wasisome. Nimelia.

Jumatano, 10 Julai
Onyancha ana haraka. Jana msiba, leo tayari anapima shamba la wimbi kwa hatua. Kemunto awe mke wake wa tatu, shamba liwe lake, wazee wapitishe Jumatatu. Kemunto hataki. Ameambiwa mjane hana "sitaki".

Alhamisi, 11 Julai
Kemunto kaniletea picha ya Ombati nimhifadhie, isije ikachomwa pamoja na vitu vya marehemu. Ile aliyotuma kutoka kambini. Amesimama, shanta limeegemea mguu wake.

Niliitazama kama fundi. Mikanda mipana, ya uzi uliofumwa, hakuna ngozi popote. Bizimu nyembamba. Lile la Onyancha lina kamba za ngozi, mshono wa mkono, na vitanzi juu vya kufungia blanketi.

Tena vitanzi hivyo nilikuwa nimeviona. Droo yangu nimeitandika gazeti kuukuu la misheni. Kuna mchoro wa askari wa Mjerumani, vita vile vya kwanza. Kamba zile zile. Vitanzi vile vile.

Nimemnyoa dada yangu kwa mfuko wa Mjerumani. Mimi, mzee wa kanisa! Laiti ningelifungua.

Ijumaa, 12 Julai
Nilimwendea Onyancha peke yake, kama Maandiko yanavyoagiza. Akacheka mbele ya wake zake. "Fundi wa kaptura naye amepigana Burma? Rudi ukashone vifungo." Nikamwambia Jumatatu nitaleta picha.

Kosa langu. Nilimwonyesha njia akaiziba. Saa kumi habari imefika: wazee watakaa kesho. Sabato. Anajua siku hiyo hata moto siwashi.

Namchukia. Bwana atanisamehe, lakini si leo.

Jumamosi, 13 Julai
Nimekwenda.

Picha na mchoro ndani ya Biblia. Kengele ya kanisa ilinilia mgongoni mpaka mtoni. Onyancha aliponiona akapaza sauti: "Tazameni Msabato! Mungu wake leo yuko likizo?" Watu wakacheka. Nikakaa.

Nilimwomba mwenyekiti wa wazee alishike shanta mwenyewe, kisha picha, kisha mchoro. Nikamwonyesha kamba, bizimu, vitanzi. Onyancha akapiga kelele kwamba karatasi haziwezi kuapa. Mzee akalivuta shanta magotini. Yeye alibebeshwa mizigo vita vile vya kwanza, bega lake moja limeshuka mpaka leo. Alipitisha kidole kwenye kitanzi, akamgeukia Onyancha.

"Onyancha, hili baba yako aliliokota Wajerumani walipokimbia Kisii. Alikuwa akiwekea mbegu. Mimi mwenyewe nimechota humu."

Akaligeuza, akalikung'uta. Punje tatu za wimbi.

Hakuna aliyecheka. Onyancha alitema mate karibu na kiatu changu, akaondoka. Wazee wakaamua: shamba linabaki kwa Kemunto, naye anabaki mke wa Ombati. Nilifurahi vibaya. Furaha isiyofaa Sabato wala siku nyingine.

Jumapili, 28 Julai
Mvua tangu asubuhi. Kanisani wameniketisha benchi la nyuma miezi mitatu kwa kuvunja Sabato. Sikubisha.

Kemunto alikuja na ndizi. Nywele zimeanza kuota. Akaitoa picha kwenye Biblia, akaishika muda mrefu. Akauliza kama basi yu hai.

Nikamwambia mimi nilitambua mfuko tu.

Akaniachia ndizi. Picha amekwenda nayo.