Neno Lililokwama Kooni

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba. Huku Mvumi tumeshavuna uwele. Babu yako anakohoa kidogo tu.

Unauliza kama nami niliogopa kuongea Kiingereza. Niliogopa mno. Shuleni kwetu, aliyeponyokwa na neno la Kigogo au Kiswahili alivishwa kibao shingoni, basi tukawa mabubu. Asubuhi moja tukifagia uwanja, nikaona nyoka karibu na mguu wa rafiki yangu Nyemo. Nikatafuta neno la Kiingereza. Nyoka akainua kichwa, nami bado natafuta.

"Nyoka!" nikapiga kelele mwishowe. Nyemo akaruka, akapona. Kibao nikavishwa mimi.

Kwenye usaili wako wa kazi ongea tu, hata ukikosea. Mpaka leo kinachonitetemesha si yule nyoka, ni ule ukimya.

Bibi yako