Reino Hakala, Mpima Barafu wa Port Merrin

Mwaka umetimia, Baba Aila, tangu asubuhi ile ya Machi ulipokaa kitini kuvaa viatu, ukafunga kamba za mguu wa kushoto, za kulia hukuzifikia. Nilikuwa jikoni nakuuliza kama unataka mayai. Hukujibu, nikadhani umenuna.

Watoto walitaka tangazo fupi, picha na mistari mitatu. Nimekataa. Mimi Bernice, mkeo wa miaka arobaini na mmoja, ndiye ninayeshika kalamu kwa niaba ya nyumba nzima. Gazeti letu lina nafasi nyingi kuliko habari, na majira haya ya baridi yamekuwa na mambo ambayo ungependa kuyasikia.

Kwanza nikukumbuke kama inavyopasa. Kiangazi chote ulikuwa gatini ukitengeneza injini za boti. Wenye nyumba za likizo walikuja Juni na injini walizoziacha nje kwenye theluji tangu Oktoba, wakasema, "Haiwaki, Reino, wala sijui kwa nini." Wewe ulijua kwa nini na hukusema. Ulitengeneza, halafu ukawapakilia yale makoti ya kuelea ambayo yalikuwa hayawaenei tena watoto wetu, ukawaambia yanakwenda pamoja na boti. Ulikuwa hutaki mtoto apande boti bila koti, hata kama boti imefungwa gatini. Wewe mwenyewe hukujua kuogelea hata kidogo. Tulilitunza hilo ndani ya nyumba miaka yote, na sasa nimelitoa gazetini. Utanisamehe.

Jumamosi ilikuwa ya sauna, supu ya samaki, na karata na dada yako Helmi. Helmi bado anasema ulikuwa unaiba. Nilimwambia marehemu hasemwi vibaya. Akanijibu kwamba hasemi vibaya, anasema alichokiona.

Lakini mji huu ulikujua kwa barafu. Hakuna aliyekuteua. Desemba ilipofika ulichukua keekee na fimbo yako yenye ndoano na alama za inchi, ukatoboa mashimo sita, kuanzia gatini mpaka karibu na mdomo wa mto, ambako maji hayatulii chini. Barafu ikikuridhisha, ulichomeka matawi ya msonobari kwa mstari, na hiyo ndiyo ikawa barabara. Penye tawi watu walipita na pikipiki zao za theluji na malori, wakavuta vibanda vyao vya kuvulia. Pasipo na tawi hapakupita hata mbwa. Kwa Tamasha la Februari, lenye malori, hoki, majiko na watu mia nane mahali pamoja, ulidai inchi kumi na mbili. Kumi na moja na nusu kwako haikuwa kumi na mbili.

Ndipo tunafika kwenye mwaka ule. Nimefikiri kama niliruke jambo hilo, nikaona haifai, maana kila anayesoma hapa analijua.

Miaka tisa iliyopita uliyang'oa matawi Alhamisi, siku mbili kabla ya Tamasha. Timu kumi na nne za hoki za wanawake zilikuwa zimeshaanza safari, na aliyezialika, aliyehangaika mwaka mzima kwa simu na barua, alikuwa Aila wetu, nahodha wa timu ya hapa. Mashindano yakafutwa. Jioni ile ukumbini, mbele ya mji mzima, Aila alisimama akakwambia, "Baba, ukweli ni kwamba wewe hutaki watu wafurahi." Watu wakapiga makofi. Wewe ulikunywa kahawa yako ikaisha, ukasuuza kikombe, ukanisubiri mlangoni na koti langu mkononi.

Barafu haikuvunjika mwaka ule. Ilikaa mpaka Aprili. Kila mtu alikukumbusha hilo, dukani, kanisani, kwa kinyozi. Aila hakuja kwenye sauna miezi mitatu. Aliporudi mliongea habari za samaki, za gari lake, za mvua. Mliongea kila kitu isipokuwa lile. Maji yakimwagika hayazoleki, na nyinyi wawili mlikuwa hodari wa kulikwepa dimbwi.

Sasa mambo ya majira haya. Desemba ziwa lilipoganda, mji ulitazamana. Mwenyekiti wa Tamasha ni yule yule wa mwaka ule, Murray Petrunick wa duka la chambo, na Murray alisema barafu ataipima yeye. Murray hupima barafu kwa macho, tena akiwa dirishani. Aila alisikia, akaja hapa nyumbani bila kubisha hodi, akaenda moja kwa moja kibandani, akatoka na keekee yako begani. Nilimuuliza kama anajua kuitumia. Akasema, "Nilikuwa namshikia Baba fimbo nikiwa na miaka saba, Mama."

Alitaka mno aifanye vizuri. Kila wiki alitoboa, akapima, akaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kiganja cha glavu kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Jumatano ya wiki ya Tamasha alipata inchi kumi na tano kwenye mashimo yote sita. Kumi na tano, Baba Aila. Akachomeka matawi, akabandika tangazo posta, na Murray akamkumbatia mbele ya watu. "Nilijua wewe una moyo mweupe," akamwambia. "Babako, Mungu amrehemu, alikuwa anaogopa hata barafu ya kwenye glasi." Aila alicheka kidogo. Aliniambia baadaye kwamba kicheko hicho kilimwachia uchungu mdomoni.

Alhamisi asubuhi alikuja kunywa chai. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu tukuzike. Nami nikamuuliza, kama nilivyokuuliza wewe asubuhi zote zile wakati nakumiminia kahawa, bila hata kufikiri, "Ilikuwa nyeupe au nyeusi?"

"Nini?"

"Barafu. Nyeupe ngapi, nyeusi ngapi?"

Akanitazama. "Mama, barafu ni barafu."

Unajua mimi sikuwahi kukanyaga ziwa hilo likiwa limeganda. Sikuolewa ili nitembee juu ya maji. Lakini nimekusikiliza ukilalamika mezani miaka arobaini, na kitu kinachosemwa mezani miaka arobaini huingia hata kichwa cha asiyetaka. Nikamwambia Aila: nyeusi ni ile iliyoganda na ziwa lenyewe, na hiyo huhesabiwa yote. Nyeupe ni theluji iliyoloa ikaganda juu yake, na hiyo Baba yako aliihesabu nusu. Desemba ilianguka theluji nyingi. Je, ulitazama ukuta wa shimo, au ulisoma fimbo tu?

Aliweka kikombe chini, akachukua funguo.

Nilivaa viatu vyako, vyangu havikufaa, nikamfuata. Ndiyo, mimi. Nilikanyaga barafu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini na minane, nimeshika mkono wa binti yangu, nikisali kimoyomoyo mpaka shimo la kwanza. Aila alitoboa upya kando ya lile la jana. Akapiga magoti, akapangusa ukuta wa shimo kwa glavu. Nyeupe inchi kumi, nyeusi tano. Shimo la pili hivyo hivyo. Karibu na mdomo wa mto nyeusi ilikuwa nne.

"Kumi nusu yake tano," alisema polepole. "Tano na tano ni kumi."

"Kumi," nikasema.

"Mama, malori yanaanza kuingia saa nane."

"Najua."

"Nilishawaambia ndiyo. Nimebandika posta. Watu watasema nini?"

Nilimwambia ulichoniambia wewe mwaka ule tukirudi nyumbani kutoka ukumbini. Nilikuuliza kama huoni aibu kugeuza neno mbele ya watu. Ukasema aibu ya kugeuza neno inaisha na majira, na kwamba umewahi kusimama na mama wa mtu hapo gatini wakati wapiga mbizi wako chini wakimtafuta mwanawe, na hiyo haiishi. Hukuniambia mama wa nani, nami sikuuliza.

Aila alisimama akaanza kung'oa matawi. Aling'oa moja moja, tangu mdomo wa mto kurudi gatini, na mpaka alipofika gatini watu walikuwa wamejaa. Murray alikuwa mbele.

"Aila, binti, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Jana ulifungua."

"Jana nilikosea. Nilihesabu nyeupe kama nyeusi."

"Sasa sisi tuamini ya jana au ya leo?"

"Ya leo."

"Na kesho ukiota ndoto nyingine?"

"Kesho nitapima tena, Murray. Lakini Jumamosi hamwingii."

Mtu nyuma akasema inchi kumi zinabeba lori moja bila shida, na hilo ni kweli. Aila akamwambia kama analeta lori moja aje, ila yeye anaona malori sitini na watoto wa shule tatu. Mwingine akauliza keki na nyama zilizokwisha nunuliwa zipelekwe wapi. Helmi, dada yako, ambaye alikuwa hajaulizwa, akajibu kwamba zipelekwe mdomoni kama kawaida, barafu haiwasaidii kutafuna.

Murray alitikisa kichwa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, akageuka kwenda kuwapigia watu simu.

Tamasha lilifanyika uwanja wa shule. Chapati za maji za kanisani ziliisha kabla ya saa nne. Hoki ilichezwa barabarani kwa viatu vya kawaida na mpira wa tenisi, na timu yetu ilifungwa na walimu. Baadhi ya watu walifurahi na baadhi walinuna, na karibu wote walikula. Vibanda vya uvuvi vilikaa ufukoni vimepangana kama kuku walionyeshewa.

Na barafu, Baba Aila, haikuvunjika. Nakuambia ili ujue kwamba sikufichi kitu. Aila alikaa gatini Jumamosi kutwa akilitazama ziwa tupu, jeupe mwisho hadi mwisho, na halikupasuka hata ufa. Barafu isiyokanyagwa haitoi ushahidi. Hatutajua kamwe kama aliokoa mtu au alivuruga sikukuu ya watu bure. Murray amekwisha kuamua ni lipi, na anawaeleza wateja.

Saa tisa nilimpelekea Aila supu. Akanywa nusu, akaniuliza, "Mwaka ule, Baba alikaa hapa?"

"Kutwa nzima."

"Peke yake?"

"Nilimletea supu."

"Alikuwa anangoja ivunjike?"

Nilielewa anachouliza. Kwa miaka tisa mtoto huyu alidhani baba yake alikaa hapo akiomba ufa mmoja tu, ili mji mzima, na yeye akiwemo, waje kumwomba radhi. Nilimwambia ukweli. Nilikuuliza swali hilo hilo siku ile, nawe ukasema, "Isivunjike. Aila anapita njia ya ziwa akitoka kazini, na amenikasirikia, hatatazama kama matawi yameng'olewa. Wacha waniseme."

Binti yako alilia pale gatini, Baba Aila, sauti ikasikika mpaka duka la chambo. Nikashika bakuli lisimwagike. Sikumnyamazisha.

Tangu siku ile anapima kila Jumatano, nyeupe mbali, nyeusi mbali, na barafu ilipotosha aliyachomeka matawi tena. Murray bado anamnunia, lakini Jumapili nilimwona akitazama mstari wa matawi kabla ya kuwasha pikipiki yake, akaufuata.

Tunaokukumbuka ni sisi: mimi mkeo Bernice, mwanao Karl na mkewe Denise, wa Winnipeg, wajukuu zako Tessa na Maija, dada yako Helmi, aliyeniamuru niandike kwamba anazikosa karata zako hata zile za wizi, na Aila.

Aila ameomba awe wa mwisho, na ameomba iwe gazetini. Anasema lile alilisema mbele ya watu wote, basi na hili walisikie watu wote. Naliandika kama alivyolitamka, bila kuongeza neno:

"Baba, nilisema hutaki watu wafurahi. Nilikosea, nami nilijua nimekosea kabla hujafika mlangoni. Nisamehe."

Tuko nawe, Reino, kila ziwa linapoganda na kila linapoyeyuka.