Siku ile redio ilisikika vizuri

Mwadi yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Siku radi ilipokuua, redio ya baba yako ilikuwa inasikika vizuri. Mi njo nilikuwa nayo. Weye ulikuwa umeenda kuchukua mihogo shambani, njia ya Mutoshi, na mi nilibaki kwenye baraza lenu nikizungusha kifungo kutoka mwisho mpaka mwisho. Hakuna kukwaruza. Sauti za mbali zilikuja safi, kama mtu anasema jikoni. Halafu radi ikapiga, mara moja tu, na batoto wakaanza kukimbia kutoka barabarani.

Nakuandikia kwa sababu kesho ni dimanche, siku ya kanisa. Baada ya misa, watu wa kwenu na majirani watakutana kwenye kiwanja chenu ili kumfukuza Mama Kalenga, yule mjane muuza makala, mkaa wa kupikia. Unakumbuka alivyogombana na mama yako juu ya nafasi ya sokoni, akamwambia, "Utaona." Basi, neno hilo limetosha kumtia hatiani. Shangazi yako anapita nyumba kwa nyumba: "Radi haishukake bure. Bantu ba jalousie, ba wivu, njo banaitumaka." Hakuna anayenunua makala yake tena. Wanataka apande treni aende Lubudi kwa shemeji yake, na shemeji mwenyewe hamtaki.

Citoyen, mwalimu wetu wa fizikia, peke yake anamtetea. Alikuja matangani na shati lake jeupe, akaeleza kama darasani. Kwamba jua halitoi mwanga tu, linatoa pia upepo wa chembe zenye umeme, upepo usioweza kutikisa hata jani. Ukija kwa nguvu, redio za mbali zinakwaruza. Na wasomi wengine wanafikiri unaweza kuamsha radi pia. "Mwadi mwenyewe aliliona jambo hilo," akasema. "Aliniambia redio ikikwaruza, siku zinazofuata ngurumo zinakuwa nyingi."

Na mi, Mwadi, nimekaa katikati ya bamama wanaolia, nikaona wivu.

Kwa sababu wazo lile lilikuwa langu. Nilikunong'oneza kwenye banc tuliyokalia darasani kwa kuwa mi sijui kunyanyua mkono. Weye ukanyanyua wako. Akakuita mbele ya tableau, ukashika chaki, ukachora jua na mishale yake mpaka Kolwezi, darasa zima likapiga makofi. Jina langu hukulitaja. Tulipotoka ukanisukuma bega: "Si ungesema weye mwenyewe, Ngoie? Mudomo uko nao, ama unauweka mpaka Noeli?" Nikacheka na weye. Ndani nilikuwa naungua.

Na haijaisha. Mama alizoea kuniambia, "Angalia mwenzako Mwadi." Ulipokufa nilifikiri ataacha. Juzi nimemjibu vibaya, akasema, "Mwadi hangejibu vile." Kwaya yote ilikuimbia siku ya kuzikwa. Mi nikifa, sijui kama watajua niimbiwe sauti gani.

Kwa hiyo niliogopa. Kama wivu njo unatuma radi, basi si wa Mama Kalenga. Ni wangu. Nililishika jua kwa mikono miwili: iwe ni jua, iwe ni ule upepo wake. Lakini redio ilikuwa safi siku ile, na hata siku za kabla yake. Na hata Citoyen, nilipomwuliza pembeni, alisema jambo hilo bado ni peut-être, labda tu, wasomi wanabishana.

Leo nikifua nguo nikakumbuka ukuta wa jikoni kwenu. Alama moja ya makala siku redio imekwaruza, alama nyingine siku ngurumo imelia, halafu tunaangalia kama zinafuatana. Nikapanga wivu wangu hivyo hivyo. Nilikuonea wivu kiangazi chote, wakati hakuna wingu na vumbi jekundu liko mpaka ndani ya chakula. Nilikuonea wivu siku shule ilitupeleka kuona barrage ya Nzilo, lile bwawa la umeme, ukakaa mbele ya gari, mbingu bluu kabisa. Nilikuonea wivu hata ulipolala na malaria, kwa sababu wote walikuja kukuamkia. Hakuna ngurumo iliyolia. Wivu ulikuwa wa kila siku, radi imekuja mara moja. Havifuatani, Mwadi. Hata kidogo.

Hivyo njo nitasema kesho. Sitasema ni jua, kwa sababu sijui. Nitasema kama jalousie inaua hivyo, Mwadi angekufa zamani, na Mama Kalenga angenikuta mbele yake kwenye mstari wa wanaofukuzwa. Shangazi yako atageuza shingo aniangalie. Labda watatafuta treni ya watu wawili.

Na wazo la redio, nitasema lilikuwa langu. Usikasirike. Hata ukiwa kaburini nataka changu.

Lala salama, dada. Ulinisukuma bega na mi nilikupenda hivyo hivyo, moto ukiwa tumboni. Nitaendelea kuweka alama, huku kwetu. Nikikuta siku moja kwamba jua na ngurumo vinafuatana kweli, nitataja majina mawili. Langu la kwanza.

Mama anakuja, nasikia kandambili zake kwenye korido. Tangu asubuhi kila akipita naificha karatasi hii chini ya mto. Sasa naiacha juu ya meza, na kalamu pembeni. Amefika mlangoni. Asome.

Ngoie