Baba, Si D Yangu Iliyokuua

Baba,

Nimepata B kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nilitaka wewe ndiye uambiwe kwanza, hata kama ni kwa barua tu, lakini Baba Mdogo Wilson alininyang'anya simu na kusoma meseji kabla sijaimaliza. Akapiga kelele mpaka majirani wakaacha kuchuma chai. "Hii ni damu yetu!" Damu yetu. Nilitamani kutema mate.

Unakumbuka matokeo ya kwanza? Ulisoma ile D plus, ukanirudishia simu, ukaniuliza, "Umekula?" Basi. Ukaenda kukamua ng'ombe. Nililia jikoni kwa sababu hukunigombeza.

Miezi miwili baadaye ukatuacha. Siku ya mazishi ndugu yako alishika maikrofoni, tayari amevaa koti lako la kahawia, hata udongo haujakauka. "Ndugu yangu ameuawa na aibu," akasema. "Miaka minne ya shule imeleta D." Watu wote wakanigeukia.

Na alijua, Baba. Tulikuwa watatu pale hospitalini Longisa, Mama, mimi na yeye, daktari akitueleza kwamba presha ilikuwa imeharibu figo zako kwa miaka, na kwamba uliacha kumeza dawa zamani. Alisikia vizuri. Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Halafu akaenda kuongopa kando ya kaburi lako, kwa sababu watu walikuwa wengi na maikrofoni ilikuwa mkononi mwake.

Mimi nami, mjinga, nikamwamini yeye kuliko daktari. Mwaka mzima nilikaa nikijiona muuaji. Kwa hilo najidharau mpaka leo.

Nilipomwambia Mama narudia mtihani, Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa. "D ni D. Tafuta bwana." Mtu ambaye darasa la saba lilimshinda! Nikajiandikisha mwenyewe kwenye shule moja upande wa Litein. Asubuhi nilichuma chai na Mama, tukishapeleka majani kituoni nilikaa na hesabu, hesabu ile ile iliyonitesa, mpaka macho yakauma. Siku ya mtihani wa kemia wa maabara nilikuwa peke yangu bila sare, watoto wakiniita "mathe", kama mama mzee. Nikamwaga asidi. Nikapangusa meza, nikaanza upya.

Sasa sikiliza ya Jumapili. Baba Mdogo alinisimamisha mbele ya kanisa, mkono wake begani mwangu, akawaambia watu, "Mimi ndiye nilimsukuma huyu mtoto." Nikamwomba maikrofoni. Akanipa akitabasamu, akidhani nitamshukuru.

Sikupaza sauti. Nilisema, "Baba yangu aliuawa na presha. Daktari alituambia, na Baba Mdogo alikuwepo. Siku ya mazishi aliwadanganya."

Kisha Mama akainuka. Mama huyu unayemjua, asiyeweza hata kusoma matangazo mbele ya watu. Akasema, "Ni kweli," akaketi.

Baba Mdogo aliondoa mkono begani mwangu. Akatazama viatu vyake, akatafuta mahali pa kukaa. Nilidhani nitafurahi. Niliona tu mtu mdogo, mtupu, na nikakasirika zaidi kwamba kitu cha namna hiyo kilinifanya nijichukie mwaka mzima.

Najua ungeniambia nimsamehe. Bado, Baba. Usiniharakishe. Nikimsalimia barabarani ni kwa ajili yako, na ninamsalimia mara moja tu.

Nimeitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Wewe uliacha dawa kwa sababu ulijisikia vizuri, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza. Nakuahidi hivi: mgonjwa akiniambia ameacha dawa kwa sababu amepata nafuu, sitamfokea, na sitampita. Nitavuta kiti, nikae naye mpaka anielewe.

Pumzika sasa, Baba.

Chelangat wako.