Karafuu Pembeni mwa Sahani

Wembley, Jumamosi usiku, 2005

Eti mimi sina adabu. Ami Seif, nduguye marehemu baba, alikuwa anakula pilau niliyopika huku anasema, "Mafuta yakitoka Pemba, nchi yetu haitahitaji kitu chengine." Wageni wote wakaitikia.

Nikamwonyesha karafuu alizozitenga pembeni mwa sahani. "Ami, na hizi pia tuliambiwa zitatutosha. Bei ilipoanguka tukakosa hata mchele."

Mume wangu akatazama zulia.

Kusema kweli naogopa. Mimi nataka nchi yenye viwanda na skuli nzuri, na wao wanaota kisima kimoja cha mafuta...

Mume wangu anataka niombe radhi. Siombi. Jumamosi ijayo Ami anakuja tena. Pilau nitapika mimi, na karafuu nitazidisha.