Kopo la Unga Mweupe Alilokamatwa Nalo Jepchirchir

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Jeconia Onchiri. Umri: miaka 22. Kazi: karani wa stoo, kambi ya wanariadha wanawake, Kapsoya. Makao: naomba yasiandikwe.
Tarehe: 10 Januari 2008, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Afande, kabla ya yote naomba hata neno moja lisitoke nje ya jalada hili. Wale vijana wanaofunga barabara tangu vurugu za uchaguzi wakilisikia jina langu la pili, watajua mimi si wa kabila lao, na yatakayofuata unayajua mwenyewe.

Mnamo tarehe 9 Januari, saa nne asubuhi, nilitumwa mjini, dukani kwa Hassan, kuchukua kopo la kriatini. Ni unga mweupe ambao wakimbiaji wetu wa mita 400 hukoroga kwa maji ili misuli ihimili mbio fupi za kurudiarudia. Si sumu, wala haujakatazwa michezoni.

Saa tano na robo, karibu na lango la kambi, vijana kama kumi na watano walinisimamisha kwenye kizuizi walichoweka barabarani. Walisoma kitambulisho changu. Mmoja akafungua kopo, akasema, "Huyu ametumwa kutia sumu kwenye tangi la maji."

Jepchirchir, mkimbiaji wetu, alitoka langoni na chupa yake ya maji. "Hiyo ni yangu. Mimi ndiye nimemtuma." Akachota, akakoroga, akanywa mbele yao.

"Si hiyo ni ya wanaume wa kubeba vyuma?" mmoja aliuliza. "Dada, utaota ndevu!"

"Zikiota nitakugawia. Wewe bado huna."

Walicheka. Aliketi juu ya jiwe, akawaambia, "Haya, ngojeni nife." Wakangoja. Walipokuwa wakimkodolea macho, alinionyesha njia kwa kichwa. Yeye ndiye mwanariadha, lakini aliyekimbia ni mimi.

Baadaye nilisikia gari la polisi lilifika, vijana wakashikilia kuwa ni sumu, naye akachukuliwa pamoja na kopo. Alipoulizwa ni nani aliyelileta, alikataa kunitaja. Amelala ndani kwa ajili yangu.

Kopo nililileta mimi. Risiti ni hii, ina jina langu. Tangu Oktoba nimepima muda wake kila wiki: ameshuka kutoka sekunde 55.2 hadi 53.6. Kuna wanaosema kinachompa kasi ni unga tu. Mimi nimemwona akirudia mzunguko wa nane wenzake wakiwa wamelala kwenye nyasi. Kazi ya kuandika muda wake siibadilishi na nyingine.

Niliyoyaona ni hayo, sikuongeza. Nikihitajika, msiniulizie Kapsoya. Mpigieni Amina, mke wa Hassan, dukani. Barabara zikitulia, njooni uwanjani Chepkoilel saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtanikuta na saa ya kupimia.

Sahihi: J. Onchiri

Shahidi ameandika kwa mkono wake, nimemsomea, amethibitisha. Risiti nimepokea. Jepchirchir ameachiliwa saa tano kasoro dakika kumi. Nilimshauri shahidi apitie mlango wa nyuma, vijana wasimwone akiwa na Jepchirchir. Amekataa. Wametoka wote wawili kwa mlango wa mbele.
Konstebo Kipyego