Watoto Wasitoke Nje

Mpendwa Bibi,

Kamwene, kwa salamu yetu ya nyumbani. Huku Makambako upepo bado ni ule wa kuingia hadi kwenye mifupa, nami naenda kazini na sweta lako la kijani. Wenzangu wananicheka. Waache wacheke, wao ndio wanaotetemeka.

Hukuwahi kukubali kwamba kazi yangu ni kazi. Nilipokuja kijijini kwako Yakobi kukuambia nimeajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, ulinisikiliza mpaka mwisho huku ukimenya viazi, kisha ukauliza, "Yaani serikali inakulipa kwa kutembelea nyumba za watu?" Ukacheka mpaka kisu kikakuponyoka.

Lakini kazi hii nilianza kujifunza kwako, Bibi, kabla sijaingia chuo chochote. Siku ya kumaliza msiba wa baba, mama akiwa ameshatangulia, ukoo ulikaa kugawana watoto. Mimi niende Makete kwa baba mdogo, ndugu yangu Yona apelekwe kwingine. Wakubwa wakianza kuongea, watoto hutolewa nje. Ndivyo tulivyozoea, na wala hakuna anayeona ubaya. Mtoto anakuja kujua anakohamia akiona nguo zake zimefungwa kwenye mfuko. Mimi na Yona tulikuwa tumeshafika mlangoni uliposema, "Rudini hapa."

"Mama, waache watoke," baba mdogo akasema. "Haya ni mambo ya wakubwa."

"Wanaogawanywa ni wao. Watoke waende wapi?"

Ukatuweka mmoja kila upande wako, ukatufunika na blanketi lako moja, na hakuna aliyethubutu kuendelea kutugawa. Tukakua wote wawili kwako. Sijui kama nilikushukuru vya kutosha. Nilikuwa mtoto, nilidhani kila mtu ana bibi wa namna hiyo.

Mwaka huu nimekaa kwenye kikao kama kile, nikiwa upande wa wakubwa. Marehemu alikuwa mzazi pekee aliyebaki, akaacha watoto wawili. Wa kwanza nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Mdogo wake, Baraka, bado hajaanza shule. Mjomba wao kutoka Mlangali alimtaka Neema, kwa sababu mkewe amejifungua na anahitaji mtu wa kumsaidia. Shangazi yao anayeishi mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, alikuwa tayari kumchukua Baraka peke yake. Nyumba yake ni ndogo, alisema, na sikuona kama anadanganya.

Nikaomba Neema aitwe ndani. Mjomba akakunja uso. "Dada wa ustawi, ukoo hauendeshwi na ofisi."

"Ni kweli, baba," nikamjibu. "Lakini sheria inataka mtoto asikilizwe, na mimi sitoki hapa kabla hajasikilizwa."

Ungeniona nilivyokaa, Bibi! Sikupaza sauti wala sikuinamisha macho.

Neema akaingia, akaamkia watu wote, akapiga magoti mbele ya shangazi yake. Nilitegemea atalia, au ataomba wasitenganishwe. Hakuomba chochote. Alikuwa ameshasikia maneno dirishani, na alikuja kukabidhi.

"Shangazi, usiku Baraka asivue soksi, kifua chake kinabana. Uji umpoozee kwanza. Na akinitafuta, mwambie nimeenda shule. Akiambiwa shule huwa anasubiri."

Mjomba akavua kofia yake akaishika magotini. Shangazi alimtazama yule mtoto kwa muda, halafu akaniambia mimi, kama vile nimemgombeza, "Basi, nawachukua wote. Tutabanana."

Mjomba hakupinga. Alipoaga alisema atawaletea mahindi na maharage akishavuna, na mpaka leo analeta. Wewe hushangai. Ulikuwa ukisema watu wengi wana roho nzuri, wanahitaji tu kuwekwa mahali wasipoweza kukwepa.

Nakukumbuka sana, Bibi. Kuna siku narudi nyumbani nimechoka na shida za watoto wa watu, natamani ungekuwepo uniulize tena kama hiyo nayo ni kazi. Ningekujibu bila kigugumizi. Naiweza, na naipenda.

Wiki iliyopita nilipanda Njombe, nikapitia Ramadhani. Walipokuwa bado huku Makambako, kila nilipowatembelea, Neema alikuwa akinifutia kiti, ananiuliza safari, anaomba radhi kwamba majani ya chai yameisha. Mwenye nyumba kamili, bado hajamaliza shule ya msingi. Safari hii nilimkuta njiani anacheza rede na wenzake, soksi zimeshuka, nywele zina vumbi. Akaniona. "Shikamoo!" akapiga kelele kutoka kule kule, na kabla sijaitikia alikuwa ameshanigeuzia mgongo, anakwepa mpira.

Nilisimama pale barabarani, hakuna aliyenijali, nikalia kwa furaha.

Lala salama, Bibi yangu.

Mjukuu wako, yule wa kutembelea nyumba za watu